Friji Rahisi, Stima Ghali

Miaka miwili iliyopita nilinunua friji la mtumba kwa muuzaji mmoja hapa Mombasa. Lilikuwa jeupe, kubwa, na bei yake nusu ya bei ya jipya. "Mzee wangu, hili latoka Ulaya, si mabati haya ya leo," aliniambia yule kijana, nami kwa tamaa ya kupata kikubwa kwa kidogo nikalipakia mkokotenini. Mwezi haukwisha ila tulianza kuona ajabu. Tokeni zilizokuwa zikitutosha wiki mbili zikawa hazifiki siku nane. Nyumbani nikaulizwa swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: "Bwana, hiki ulichotuletea ni friji au ni mgeni?"

Wengi wetu huingia dukani na swali moja tu, nalo ni bei gani. Swali la pili, kwamba chombo chala stima kiasi gani, hatuulizi, na aghalabu hata muuzaji halijui. Tangu mwaka 2016 kuna kanuni za nchi zinazotaka friji, viyoyozi na taa zitiwe kibandiko cha nyota. Nyota zikizidi, ndipo stima inapopungua kwa kazi ile ile. Lakini vya mtumba, ambavyo ndivyo mfuko wa mnyonge huvifikia, mara nyingi hukuti kibandiko. Mtu hununua rangi. Asiye na budi na afanye hivi: atie karatasi mlangoni mwa friji, afunge, kisha aivute. Ikitoka bila kushikwa, ule mpira umechoka, na mota haitapumzika usiku wala mchana. Laiti ningalijua hayo kabla ya mkokoteni!

Globu ndilo somo jepesi. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku, kwa siku 30 hula yuniti 9. Ya LED ya wati 9, yenye mwangaza karibu sawa, hula yuniti moja na theluthi. Nyumba yenye globu sita na ijifanyie hesabu.

Kiyoyozi nacho kimekuwa alama ya mtu kufanikiwa. Cha chumba kimoja hula wati 1,000 au zaidi mota inapofanya kazi, na panka la dari wati 60 au 75. Yaani kimoja hushindana na mapanka zaidi ya kumi. Waama, Kaskazi ina joto, sikatai. Lakini wazee wetu wa Lamu na Mji wa Kale walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ndefu, na kiwanda katikati cha kupitisha upepo. Sisi twajenga kwa matofali membamba ya simiti, twaezeka mabati, dirisha twalielekeza ukutani kwa jirani, kisha twaenda kununua baridi kwa mkopo.

Jambo zito ni jiko. Katika miaka ya 1980 mafundi wa jua kali walianza kutengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo huokoa makaa kati ya asilimia 30 na 50 ukililinganisha na seredani la bati tupu. Hilo lilienea kwa kuwa mnunuzi aliliona faida mwezi ule ule. Gesi haikubahatika hivyo. Julai 2021 ilitiwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, mwaka 2022 ukashushwa hadi 8, na 2023 ukaondolewa. Mtaani kwetu niliona mitungi ikikaa mitupu pembeni, na magunia ya makaa yakirudi milangoni. Ni vigumu kumlaumu mama aliyerudi kwenye moshi ilhali serikali ile ile imhimizayo kupika kwa usafi ndiyo iliyompandishia bei.

Sasa tunaambiwa tupikie stima, na hoja hii si ya kupuuzwa. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Olkaria imekuwa ikiitoa tangu 1981. Koili ya wati 1,500 ikiwaka saa mbili hula yuniti 3. Sufuria ya presha ya stima huivisha maharagwe kwa chini ya yuniti moja, na mpishi wa futari aweza kuyaacha akashughulikia viazi. Kikwazo ni ile bei ya kuanzia. Mwenye kununua makaa ya mkebe kila siku hana pesa za kutoa kwa mpigo, ingawa kwa mwaka mzima hutumia nyingi zaidi. Hapo ndipo vyama vya akina mama vya kuchangiana vingefaa kuliko mabango ya barabarani.

Lile friji ninalo bado. Tumelichomoa waya, tumeliweka uani, na ndani yake mna mchele na unga, panya hawaufikii. Maji ya kunywa tumeyarudisha mtungini.