Mtungi wa Gesi Si wa Kulazwa

Soko la Gakinjiro, Gisozi, limeungua zaidi ya mara moja. Moto wa Agosti 2021 bado unakumbukwa Kigali. Chanzo chochote kiwacho, mahali penye mbao, magodoro na rangi, cheche ya mchomeleaji haihitaji mwaliko.

Lakini hatari kubwa imo ndani ya mtungi. Asetilini, gesi ya kuchomelea, imeyeyushwa katika kimiminika cha asetoni. Mtungi ukilazwa, asetoni hutoka pamoja na gesi. Kanuni za usalama hutaka mkandamizo wa asetilini kwenye mpira wa gesi usizidi takriban baa 1, kwa sababu juu ya hapo gesi hiyo yaweza kulipuka yenyewe, hata bila hewa. Oksijeni nayo haitaki grisi: fundi wa gereji anayefungua valvu kwa mikono yenye oili anahatarisha maisha yake.

Kwa kupima uvujaji, povu la sabuni latosha. Kamwe si kiberiti!

Valvu ya kuzuia moto kurudi mtungini si anasa. Wenye karakana wainunue wao, wasimwachie kibarua gharama hiyo, na mtu abaki akiangalia cheche kwa nusu saa au zaidi baada ya kazi. Moto ukiwaka, namba ya zimamoto Rwanda ni 111.