Anayekupa Anakula Wapi?

Kikao cha jumuiya yetu cha mwezi uliopita kilikuwa na ajenda moja, kodi ya ukumbi, na hatukuifikia. Kijana wetu mmoja, aliyezaliwa kambini Nakivale na kukulia hapa Marekani, alisimama akasema kwamba tangu mwaka uanze amepata dola 1,100 bila kuongeza hata saa moja kazini. Amefungua akaunti nne katika benki nne, na kila benki imemlipa zawadi ya kujiunga. Ukumbi ukachangamka. Wamama wakatoa simu waandike majina ya benki. Ndipo mzee mmoja wa Walikale, ambaye hapendi maneno mengi, akauliza: "Na huyo anayekupa, yeye anakula wapi?"

Swali hilo lilinifuata hadi nyumbani.

Kijana hakudanganya. Benki za hapa hulipa kweli, mara nyingi dola 200 hadi 400, kwa mteja mpya anayetimiza masharti. Sharti kubwa huwa kwamba mwajiri aingize mshahara wako moja kwa moja katika akaunti hiyo, ndani ya siku 60 au 90. Si wizi, na wala si jambo la jana: PayPal ilipokuwa changa, mwaka 2000, ilimpa kila aliyejiunga dola 10, na aliyemleta akapewa nyingine 10. Iliteketeza mamilioni ya dola kwa njia hiyo, ikapata watu. Benki nayo inatujua. Mshahara ukishazoea mlango mmoja, mwenyewe anaona uvivu kuuhamisha, na miaka kumi inapita. Pesa zilizolala pale wanakopeshwa wengine kwa riba, mwenye pesa anaachiwa senti. Salio likishuka kuna ada ya mwezi; ukitoa zaidi ya kilichomo kuna faini. Huko ndiko anakokula, mzee.

Lakini nadhani alishajua, kwa sababu amepita machimboni Bisie, kule kwao Walikale, Congo. Miaka ile ya 2000, kasiterite, jiwe la bati, ilipokuwa ikitolewa kwa mikono, watu wakikatiza msitu kutoka Njingala na ndege ndogo zikitua juu ya barabara pale Kilambo, mfanyabiashara alimtangulizia mchimbaji maharage, unga, buti na tochi kabla hajaona jiwe lolote. Ilifanana na wema. Mzigo ulipotoka shimoni, uliuzwa kwake yeye, kwa mizani yake na kwa bei yake.

Tofauti ya hapa ni kwamba mizani imeandikwa. Masharti yote yapo kwenye karatasi, ila ni kurasa nyingi za Kiingereza cha wanasheria, na benki inategemea kwamba hutazimaliza. Anayezimaliza anachukua zawadi yake na kuondoka salama. Kwa hiyo mimi zile dola siziiti za bure. Ni ujira wa kusoma. Mwaka wangu wa pili hapa nilifungua akaunti kwa ajili ya dola 250, nikasahau kwamba kiwanda nilichofanyia kazi kilitulipa kwa hundi. Zawadi haikuja. Ada ya dola 12 kwa mwezi ilinikata miezi mitatu kabla sijashtuka, nikaenda kuifunga kwa hasira, nikamkaripia binti wa dirishani asiye na kosa.

Kijana wetu hafanyi hivyo. Nimeomba daftari lake nikaliangalia: tarehe ya kufungua, tarehe ya zawadi, na tarehe ambayo akaunti inaweza kufungwa, kwa sababu benki nyingi hukunyang'anya zawadi ukifunga kabla ya siku 180. Ameweka kando hela ya kodi pia, kwani serikali huihesabu zawadi hiyo kama riba na benki hutuma fomu ya 1099-INT. Anajua kuna kampuni iitwayo ChexSystems inayoandika akaunti unazofungua na zile ulizoziacha na deni, na kwamba ukichafuka huko unaweza kukataliwa milango hadi miaka mitano. Sina wasiwasi naye.

Wasiwasi wangu ni kwa wale waliotaka kumwiga jioni ileile kwa kutumia jina la mama. Sisi huazimana majina kama tunavyoazimana sufuria. Katika likelemba, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu, hakuna karatasi. Uso wako ndio dhamana, na pesa ya watu kumi ikikaa kwako wiki mbili hakuna anayesema ni yako. Benki haina macho hayo. Kilichomo kwenye akaunti ya mama ni cha mama. Na wazee wetu wengi wanaishi kwa SSI, msaada wa serikali ambao hauruhusu mtu mmoja kumiliki akiba inayozidi dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume. Kinachotazamwa ni kilichokuwepo mwezi unapoanza. Weka likelemba ya dola 4,000 kwa bibi tarehe 28 ili kutimiza sharti la zawadi ya dola 300, iache ilale hadi tarehe 1, halafu umweleze bibi kwa nini ameandikiwa barua arudishe msaada wa mwezi mzima.

Kuna ubaya zaidi. Watu huwafuata vijana na kuwapa dola mia mbili wafungue akaunti na kukabidhi kadi. Hiyo si zawadi ya benki. Pesa za utapeli zitapita pale, na atakayetafutwa ni mwenye jina, pengine wakati anaomba uraia.

Baada ya haya yote wapo watakaosema: basi benki tuiache kabisa. Nawaelewa. Waliokuwa watu wazima Desemba 1979 wanakumbuka Mobutu alivyofuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa wananchi siku chache tu za kuzibadilisha. Kule Masisi, mtu aliyekuwa ameuza ng'ombe angefika benki lini? Nasi tumeona Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafunga milango na akiba za ndugu zetu zikabaki ndani. Mtu wa namna hiyo akiweka dola zake chini ya godoro, simcheki.

Ila godoro nalo sasa lina ada. Tangu tarehe 1 Januari 2026, anayetuma pesa nje ya Marekani kwa noti mkononi anakatwa kodi ya asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya hapa, au kwa kadi yake, hakatwi. Kwa dola 300 za kila mwezi ni dola 36 kwa mwaka, ileile hasara yangu ya kiwandani. Hivyo akaunti moja, iliyo hai na isiyo na ada, naiona ni lazima kwa kila nyumba, iwe na zawadi au isiwe nayo. Ya pili na ya tatu ni kwa mwenye daftari.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya kikao, tutakaa na vijana wanaosoma Kiingereza vizuri tupitie masharti hayo kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Njooni na barua zenu za benki, hasa zile ambazo hazijafunguliwa.