Jumla Isitufumbe Macho

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa bata mzamiaji wa Amerika ya Kaskazini, yule ambaye Wamarekani wamempa jina la mgongo wa turubai kwa weupe wa mgongo wake, daftari lipo, tena limetunzwa vyema. Tangu mwaka 1955, kila ufikapo mwezi wa Mei, maofisa wa Serikali za Marekani na Kanada hupanda eropleni wakapita juu ya mabwawa ya Manitoba, Saskatchewan, Alberta na Dakota, na kuwahesabu bata wanaozaliana huko. Ni katika miaka ya 2020 na 2021 tu kazi hiyo iliposimama, kwa sababu ya maradhi ya korona.

Daftari hilo lasema nini? Lasema kwamba bata huyu hayumo katika hatari ya kutoweka. Wastani wa miaka yote hiyo ni kama bata 590,000. Mwaka 1962 walipungua hadi karibu 360,000. Mwaka 2007 walizidi 800,000. Na hesabu ya mwaka 2023 ilikaribia 620,000. Mvua zikinyesha na mabwawa yakajaa, jike hujenga kiota chake juu ya maji, katikati ya matete, mahali ambapo maadui wa nchi kavu hawafiki kwa urahisi. Ukame ukija, mabwawa hukauka na vifaranga huwa wachache. Kupanda na kushuka kwa namna hiyo ni desturi ya maumbile.

Hata hivyo, twaona kwamba ofisa asomaye jumla peke yake kisha akafunga daftari, hajaisoma habari yenyewe. Katika miaka ya 1950, takriban nusu ya bata hawa wote walikuwa wakishinda majira ya baridi katika Ghuba ya Chesapeake, baina ya majimbo ya Maryland na Virginia. Walipita 200,000. Kufikia miaka ya 1980 walibaki kama 50,000. Jumla ya bara zima haikuonyesha msiba huo, kwa kuwa bata wengi walikwenda kutafuta riziki penginepo. Lakini watu wa ghuba, wakiwamo wavuvi wa visiwa vya Smith na Tangier, waliona kwa macho yao maji yaliyokuwa meusi kwa bata yakibaki matupu.

Wako waliodhani kwamba mkosaji ni bunduki peke yake. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 bata hawa waliuawa kwa maelfu, wakauzwa katika hoteli kubwa za mijini kwa utamu wa nyama yao, mpaka sheria ya mwaka 1918 ilipokomesha biashara hiyo. Tena risasi za madini ya timazi, ambazo bata huzimeza wakitafuta chakula chini ya maji na kudhurika kwa sumu yake, zilipigwa marufuku kwa wawindaji wa ndege wa majini nchini Marekani mwaka 1991, na nchini Kanada mwaka 1999. Uwindaji wa bata huyu ulifungwa mara kadhaa. Hatua zote hizo zilistahili. Lakini bata hawakurudi ghubani kama zamani, kwa sababu chakula chao hakikuwapo.

Chakula hicho ni majani yaotayo chini ya maji, ambayo hata jina la kitaalamu la bata huyu limetokana nayo. Mbolea za mashambani na uchafu wa miji viliteremshwa na mito, viani vikastawi, maji yakawa machafu na mwanga wa jua usifike chini. Kisha mwezi Juni 1972 tufani iliyoitwa Agnes ikamwaga tope kupitia mto Susquehanna na kuyafukia majani yaliyokuwa yamekwisha dhoofika. Mwaka 1984 zilisalia ekari zipatazo 38,000 tu katika ghuba nzima. Bata waliobaki wakageukia kombe wadogo wa matopeni. Kaa wachanga nao, ambao hujificha katika majani hayo na ambao ndio riziki ya wavuvi wa visiwani, walipoteza maficho yao.

Hapo ndipo penye dhuluma. Mbolea ilitiwa katika mashamba ya mbali, mengine yakiwa Pennsylvania, jimbo lisilogusa ghuba hata kidogo. Hasara ikatua kwa mvuvi wa kisiwani ambaye hana shamba. Serikali husika zilitia sahihi mapatano yao ya kwanza mwaka 1983. Katika yale ya mwaka 2014 ziliahidi kuwa kufikia mwaka 2025 kungekuwa na ekari 130,000 za majani. Mwaka 2018 zilipita ekari 100,000, jambo lililothibitisha kwamba maji yakisafishwa majani hurudi. Lakini mwaka 2023, muda wa ahadi ukiwa karibu kwisha, zilikuwa kama 83,000. Ahadi haioti majani.

Msomaji wa visiwani kwetu aweza kuuliza, bata wa Marekani watuhusu nini? Twajibu kwamba mvuvi wa Unguja na Pemba anajua tasi hulisha wapi, na anajua juya likiburutwa juu ya majani ya bahari huacha nini nyuma yake. Samaki wakihesabiwa sokoni tu, jumla yaweza kupendeza hali malisho yanakwisha.

Kwa hiyo twatoa rai mbili kwa wakuu wa Serikali, huko na hapa. Kwanza, hesabu ifanywe mahali kwa mahali, pamoja na hesabu ya malisho, na wakaao mahali hapo wasikilizwe kabla ya jumla kutangazwa. Pili, anayechafua maji juu ya mto awajibike kwa mwenzake aliye chini. Kumzuia mwindaji ni kazi nyepesi. Kumzuia mwenye shamba kubwa ni kazi nzito, nayo ndiyo iliyobaki.