Kidato cha Tano: Mgeni Apewe Jembe

Kila mwaka, ufikapo wakati wa kufungua kidato cha tano, vituo vya mabasi nchini hujaa vijana wenye masanduku ya bati, magodoro yaliyofungwa kwa kamba na majembe mapya. Wengi wao ndiyo mara ya kwanza kutoka nje ya mkoa waliozaliwa. Nyuma yao wamewaacha wazazi waliouza gunia la mahindi au mbuzi ili kukamilisha mahitaji yaliyoorodheshwa katika fomu ya kujiunga na shule. Mbele yao ipo miaka miwili itakayoamua kama Taifa litawapata kuwa waganga, wahandisi, walimu na wataalamu wa kilimo, au litawapoteza njiani.

Serikali, kwa kutekeleza sera za Chama, imefanya kazi kubwa ya kuufungua mlango huo. Tangu mwaka 2016 mtoto wa Tanzania anasoma shule ya Serikali bila ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ilifutwa pia katika kidato cha tano na cha sita. Mtoto wa mkulima hasimamishwi tena mlangoni kwa sababu ya ada. Lakini kumwingiza mtu nyumbani na kumkaribisha ni mambo mawili. Swali linalopaswa kuulizwa sasa ni hili: kijana huyo anapokwisha kuingia, nani anamwonyesha namna ya kuishi na kusoma humo?

Mfano mmoja unatosha. Na achukuliwe msichana aliyemaliza katika shule ya kutwa ya kata, akafaulu vizuri, akapangiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika shule ya bweni ya mkoa wa mbali. Kwao alikuwa wa kwanza darasani, na jina lake lilitajwa mbele ya mstari wa asubuhi. Hapa alipofika, kila aliyeketi karibu naye alikuwa wa kwanza kwao. Wiki ya kwanza mwalimu anamaliza kwa vipindi viwili mada ambayo yeye angetarajia ifundishwe mwezi mzima. Anangoja aandikiwe maelezo ubaoni kama alivyozoea, lakini mwalimu anataja sura za kitabu na kuondoka. Kitabu chenyewe kinagombewa na wengi. Usiku ananakili daftari la mwenzake mpaka taa zinapozimwa, naye hajaelewa alichokinakili.

Mwezi unapokwisha, jaribio la Fizikia linarudi na alama ambayo hajapata kuiona tangu aanze shule. Jumamosi, anaporuhusiwa kuzungumza na mama yake kwa simu ya mwalimu mlezi, anasema masomo yanaendelea vizuri. Moyoni ameanza kuamini kwamba kufaulu kwake kidato cha nne kulikuwa bahati tu. Msichana huyo si mjinga, wala si mvivu. Ni mgeni ambaye hakuna aliyemweleza desturi za nyumba.

Desturi hizo kweli ni tofauti. Katika kidato cha nne daraja la mwanafunzi hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Akiteleza katika moja, jingine humfunika. Katika kidato cha sita daraja hupimwa kwa masomo matatu ya tahasusi, na kila moja hubeba theluthi ya hukumu yote. Hakuna pa kujificha. Aidha, ile inayoitwa miaka miwili ni miaka miwili kwa jina. Mwanafunzi anayeanza Julai hufanya mtihani wa Taifa mwezi Mei wa mwaka wa pili, na zikiondolewa likizo, muda wa darasani haufiki hata miezi ishirini. Anayepoteza muhula wa kwanza kwa kutapatapa amepoteza sehemu ambayo hairudi.

Masomo nayo hubadilika sura. Katika hesabu hukutana na kalkulasi, ambayo haimo katika mtaala wa Hisabati ya kawaida ya kidato cha nne. Katika Historia hatakiwi tena kutaja sababu sita na kuzieleza kwa mistari miwili miwili, bali kupima hoja, kuitetea na kuipinga, tena kwa Kiingereza ambacho wengi bado wanakitafuta. Kijana anayeendelea kukariri kama alivyokariri jana hujikuta anafanya kazi nyingi na kuvuna kidogo.

Lipo jambo jingine linalogusa usawa ambao Chama kimeupigania tangu kuzaliwa kwake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na kidato cha tano hufunguliwa katikati ya mwaka unaofuata. Hapo katikati ipo zaidi ya miezi saba. Mwenye uwezo humlipia mwanawe masomo ya awali ya kidato cha tano mjini, akafika shuleni akiwa ameshazipita mada za mwanzo. Mtoto wa mkulima hupitisha miezi hiyo shambani, akichunga au akiuza genge, bila kitabu cha kidato cha tano mkononi. Siku ya kwanza wote huketi dawati moja na kuitwa sawa. Lakini wamekwisha kutenganishwa kabla kengele haijalia, na kilichowatenganisha ni mfuko wa mzazi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayowatenga wachache na umma unaowalisha. Onyo hilo halijachakaa.

Nini kifanyike? Kwanza, miezi hiyo isiachwe kwa wafanyabiashara wa masomo peke yao. Shule za kata zimejengwa kwa nguvu za wananchi, zina madarasa, na baadhi zina maabara. Hakuna sababu ya kumzuia mhitimu wa kidato cha nne kurudi humo jioni mbili kwa juma, kusoma mada za mwanzo za tahasusi aliyoichagua chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja. Maofisa Elimu Kata, madiwani na viongozi wa Chama wa matawi wanaweza kulisimamia jambo hili bila kusubiri waraka. Watumishi wa umma waliopitia kidato cha sita, wawe mabwana shamba, waganga au mahakimu, nao wanalo deni la kulipa kwa vijana wa kata wanazofanyia kazi. Vitabu vyao vya zamani vilivyolala makabatini vina kazi ya kufanya.

Pili, shule zinazopokea kidato cha tano zitenge wiki za mwanzo kufundisha namna ya kusoma: jinsi ya kutumia maktaba, kujiandikia maelezo kutoka kitabuni, kugawa saa za usiku, na kuunda vikundi vya mjadala ambamo mwenye nguvu humvuta mnyonge. Mwanafunzi wa kidato cha sita akabidhiwe mgeni mmoja wa tahasusi yake. Jaribio la kwanza litumike kuonyesha palipopungua, lisitumike kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Mwalimu anayeliambia darasa kwamba wengi wao wamefika hapo kwa bahati huenda anadhani anawachochea, kumbe anawavunja walio na haja zaidi ya kutiwa moyo. Hapa haisemwi kwamba walimu hawafanyi kazi. Wengi hufundisha vipindi vingi katika madarasa yaliyojaa, na mzigo huo unajulikana. Lakini saa moja ya kumsikiliza mwanafunzi mwezi wa kwanza huokoa saa nyingi za marudio mwaka wa pili.

Tatu, wanafunzi wenyewe. Kuchaguliwa kidato cha tano si cheo, wala si ruhusa ya kupumzika. Nafasi hiyo imelipiwa kwa kodi ya mvuvi, mfanyakazi wa kiwandani na mama muuza dagaa. Asiyeelewa aulize siku hiyo hiyo, asione haya. Aliyeelewa amfundishe mwenzake, maana katika kumfundisha naye hujifunza mara ya pili. Na mzazi anapopiga simu asiishie kuuliza matokeo; aulize pia mtoto anakwama wapi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana hawa huja shuleni na majembe yao ya chuma, kama fomu ilivyoagiza, nao huyatumia katika bustani na mashamba ya shule. Jembe ambalo fomu haikuliandika, nalo ndilo wanalolihitaji zaidi, ni maarifa ya kujisomea wenyewe. Hilo haliuzwi dukani, na mzazi aliyeuza mbuzi hana mahali pa kulinunua. Ni wajibu wa shule kumkabidhi kila mmoja siku ya tatu, wala si baada ya muhula kwisha.