Jogoo Achaguliwe na Anayefungua Banda

Nasema hivi na sirudi nyuma: kama si wewe unayefungua banda la kuku asubuhi, usiamue jogoo yupi abaki. Wacha mwenye kufungua aamue. Wewe lipia chakula, kula mayai, nyamaza.

Najua kuna mtu ashakasirika. Tulia, nitafika kwako.

Hizi nyumba za Spring Valley zenye ua mkubwa nyuma, siku hizi pita alfajiri usikilize. Kokoriko kushoto, kokoriko kulia. Watu wamechoka kununua mayai, wengine wanataka kienyeji wao wa Krismasi, wengine waliona video wakapenda tu. Hakuna ubaya. Kaunti ya Nairobi yenyewe ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini 2015, kwa hivyo kufuga hapa si ushamba.

Shida inaanza vifaranga wakigonga miezi 4 au 5. Ulitotolesha 12, ukiangalia vizuri kama 6 ni majogoo. Asili iligawa nusu kwa nusu, na hakuna maombi ya kubadilisha hiyo hesabu. Na jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Kwa hivyo wengi lazima watoke. Swali ni nani anabaki, na nani anasema.

Hapo ndipo mdosi anashuka na ndara zake, anasimama mbali, ananyoosha kidole. "Huyo mwekundu abaki, ni mrembo." Ama, "Huyo mkali abaki, atalinda wengine." Kisha anarudi kwa nyumba. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anayeingia bandani ni kijana aliyetembea kutoka Kangemi, ama dada wa kazi anayelala SQ, ama mtoto aliyetumwa mayai kabla ya shule. Hao ndio wanajua huyo mwekundu ni nani hasa.

Umewahi kuangalia vile mtu anaingia kwa banda lenye jogoo mkali? Amevaa gambuti hata kama hakujanyesha. Karai mkono wa kushoto kama ngao, ufagio mkono wa kulia. Chakula anakirusha kutoka mlangoni. Maji hayabadilishwi. Mayai yanaokotwa mbio mbio, mawili yanavunjika. Jioni unamuuliza mbona banda ni chafu. Manze, banda ni chafu kwa sababu umeweka mle ndani mtu wa kumpiga kila akishika fagio!

Na akikuambia, "Mama, huyu jogoo anapiga watu," unacheka. "Ati mtu mzima unaogopa kuku?" Anakuonyesha damu kwa mguu, wewe unaenda kupigia wageni stori.

Haichekeshi. 2019, wataalamu wa Adelaide, Australia, waliandika kuhusu mama mzee aliyekuwa anaokota mayai nyumbani kwake. Jogoo akamdonoa mguuni, mahali penye mshipa uliovimba. Alivuja damu akafa. Hiyo hutokea mara chache sana, na sisemi kila jogoo ni muuaji. Lakini piga hesabu ya kimo tu. Ule mwiba wa nyuma ya mguu wa jogoo, kwako unafika kwa muundi. Kwa mtoto wa miaka 3 unafika usoni. Sasa fikiria jicho.

Haya, twende kwa watu wa "mkali ndiye mlinzi."

Hii imani ndiyo imetuharibia mabanda. Kenya tunampenda jogoo: unga ni Jogoo, barabara ni Jogoo, Wizara ya Elimu iko Jogoo House, na chama cha jogoo kilitutawala kutoka 1963 hadi 2002. Labda ndiyo maana tukiona mwenye kelele na vita tunadhani tumepata kiongozi. Lakini hebu jiulize, adui wa kuku hapa mtaani ni nani? Juu kuna mwewe. Chini kuna nguchiro, na paka wa jirani anayenyemelea vifaranga. Hakuna kati yao anayevaa gambuti.

Na jogoo halindi kwa kupigana na mwewe. Mwewe angemshinda. Kazi yake ni kuona mapema na kupiga kelele wenzake wajifiche. Mtafiti Christopher Evans na wenzake walionyesha kwamba jogoo ana mlio wake wa hatari ya juu na mlio mwingine wa hatari ya chini, na mitetea wanaelewa tofauti. Wakisikia ule wa juu wanakimbilia mahali pa kujificha. Wakisikia ule wa chini wanasimama wima, wanaangaza macho. Huo ndio ulinzi: jicho moja angani na koo iliyo tayari. Sasa jogoo ambaye kutwa nzima anavizia miguu ya mtu anayemletea chakula, mwewe akija nani atakuwa anaangalia?

Kumchagua aliye mzuri si sayansi ngumu. Chukua mahindi kiganja kimoja uyatupe chini, kisha usimame kando. Jogoo mzuri anadonoa punje, anaiangusha, anaita ko-ko-ko, mitetea wanakuja wanakula yeye bado anaita. Yule bure anakula wa kwanza na kumdonoa anayekaribia. Kisha angalia migongo ya mitetea. Ukiona manyoya yameisha na ngozi iko nje, ama jogoo wako ni mkorofi ama umeweka majogoo wengi kupita kiasi. Mwisho, mtu apite katikati yao na ndoo. Mzuri anasogea kando akiendelea na maisha yake. Mbaya anashusha bawa, anakuja kwa upande upande kama anacheza densi. Hiyo si densi.

Kuna mtu atasema jogoo anaweza kubadilika. Sawa, haki yake apewe. Kama ni mchanga na watoto walikuwa wanamkimbiza na fimbo, zuia hao watoto, mpe wiki chache za amani. Kama bado anarukia watu, sufuria inamngoja. Ukimweka na utotoleshe mayai yake, jua tabia hurithiwa kwa sehemu, na mwakani utakuwa na wakali 6 badala ya mmoja.

Marekani, pale Purdue, William Muir alijaribu kitu na kuku wa mayai. Badala ya kuchagua mtetea mmoja mmoja anayetaga zaidi, alichagua vikundi vizima vilivyofanya vizuri pamoja, akazalisha kutoka hapo. Ndani ya vizazi vichache vifo vya kudonoana vilishuka sana na mayai yakaongezeka. Alikuwa anapima mitetea, lakini somo linatuhusu: usimpime kuku akiwa peke yake kwa picha. Mpime kwa hali ya wale wanaoishi naye. Na anayefungua banda anaishi naye.

Watu wa urembo, siwachukii. Najua kuna wanaoleta kuchi kutoka Pwani, yule mrefu wa shingo na kifua, na kweli ni ndege wa kuvutia. Lakini kuchi ana historia ya kupiganishwa. Ukimweka ua mdogo na mitetea wadogo wa kienyeji ili upige picha, usishangae. Urembo uwe swali la mwisho. Ukibaki na wawili wapole, hapo chagua mwenye rangi unayopenda.

Watu wa huruma nao, wale wanasema "wacheni wote wakae," hiyo huruma inalipwa na mitetea. Majogoo 6 kwa mitetea 6 ni mateso kutoka asubuhi hadi jioni. Tena kuna jirani. Watafiti wa Japani walionyesha 2015 kwamba alfajiri jogoo mkubwa wa kundi ndiye anaanza kuwika, halafu wa chini yake wanafuata kwa zamu ya vyeo vyao. Kwa hivyo wakiwa 6, ni foleni ya watu 6 wenye kipaza sauti. Nchi iko na kanuni za kelele tangu 2009, na jirani wa Spring Valley anajua NEMA iko wapi.

Na kama shida yako ni mayai ya chai tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Mtetea hutaga bila jogoo. Yai halitatoa kifaranga, lakini kwa kikaango hutajua tofauti. Jogoo ni wa kutotolesha na wa kulinda. Kama huna haja na hayo mawili, achana naye kabisa.

Kitu kingine. Usimchukue jogoo aliyekushinda ukampa mfanyakazi akiwa hai, ati zawadi. Huko anakompeleka kuna chumba kimoja, korido ya watu 20, na watoto wanacheza hapo nje. Ukimpa, mpe wa kuliwa, achinjwe siku hiyo hiyo. Na ukijisikia mkarimu kweli, mpe mpole.

Sasa wewe uliyekasirika pale juu. Najua utasema nini: "Kuku ni wangu, nilinunua na pesa yangu." Kweli kabisa. Kuku ni wako. Miguu inayodonolewa si yako. Kama unataka kuchagua, rahisi sana: amka saa kumi na mbili, vaa kaptura na ndara zako, ingia bandani bila karai, fanya hivyo wiki mbili. Ukitoka bado unasema mwekundu abaki, nitaheshimu uamuzi wako.

Kama hutaamka, basi kesho mtu akija kufungua banda muulize swali moja tu: "Kati ya hawa, ni yupi hungependa kumuona tena?" Hatafikiria hata sekunde mbili. Jibu amekuwa nalo tangu zamani, ni vile hakuna mtu alimuuliza. Halafu Jumapili weka maji kwa jiko mapema. Jogoo mzee hukawia kuiva.