KAMATI BILA ELIMU NI JINA TUPU

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yataka kila mahali pa kazi penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Ni jambo jema. Lakini mjumbe asiyefundishwa ataitambuaje hatari? Ataiona mashine isiyo na kinga, apite. Atanusa dawa kali, asijue kuwa ni sumu. Naye mwenye kiwanda ataonyesha orodha ya majina na kusema sheria imetimizwa. Mkono uliokatwa hauoti tena! Waajiri na wawafundishe wajumbe katika saa za kazi, bila kuwakata mshahara. Nanyi ndugu wafanyakazi, msichague kwa urafiki. Mchagueni asiyeogopa kusema, kisha mdai afundishwe.