Mume Naye Apimwe

Katika mambo yavunjayo nyumba za watu wema, wasiokosana kwa ulevi wala kwa ufukara, limo hili la kukosa mtoto, ambalo desturi yetu imekwisha kulikatia hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa: mke huulizwa kwanza na mawifi, kisha hupelekwa kwa mkunga na kwa mganga, na mwishowe huletewa mke mwenziwe au hupewa talaka yake, ilhali mumewe hajapimwa na tabibu yeyote. Hiyo ni dhuluma, kwani imekwisha thibitika kwamba takriban katika nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mume naye ana sehemu yake katika sababu.

Na katika sababu za upande wa mume zinazotibika, iliyoenea kuliko zote ni varikoseli, yaani kutanuka kwa vena zirejeshazo damu kutoka korodani. Vena hizo zina vilango vya kuizuia damu isirudi chini, na vikilegea damu hutuama. Aghalabu huwa upande wa kushoto, ambako vena ni ndefu zaidi na huingia katika vena ya figo kwa pembe mraba. Korodani zimewekwa nje ya kiwiliwili kwa hekima, maana mbegu hazitengenezeki vema ila palipo na nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na damu ya moto ikituama pale, mbegu hupungua, mwendo wake huwa dhaifu na umbo lake huharibika. Wanaume wapatao 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao huzaa bila taabu. Lakini miongoni mwa wale walioshindwa kupata mtoto wa kwanza, idadi hufika 35 hadi 40.

Mwenye maradhi haya mara nyingi haumwi popote, na nguvu zake za kiume ni timamu, basi huapa kwamba kasoro haiwezi kuwa kwake. Hapo ndipo tunapopotea, kwa kudhani kuwa auwezaye unyumba ana mbegu pia; na wauza unga wa nguvu za kiume hutajirika kwa dhana hiyo, ingawa hakuna unga uwezao kukaza vena iliyolegea.

Mwaka 1952 tabibu Selby Tulloch wa Edinburgh alieleza habari ya mtu ambaye manii yake hayakuwa na mbegu hata moja, naye baada ya kupasuliwa varikoseli akapata mtoto. Siku hizi hukatwa mkato mdogo karibu na kinena, vena mbovu zikafungwa na ateri ikaachwa. Na mpasuaji atumiaye hadubini huiona pia mishipa ya limfu na kuiepuka, hivyo mgonjwa huwa mbali na hatari ya kupata busha baadaye. Madhali mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezeka, manii hupimwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita, wala mtu asikate tamaa mwezi wa kwanza.

Walakini sikubaliani na tabibu anayempasua kila amwonaye. Anayestahili ni yule ambaye vena zake hupapasika kwa mkono akiwa amesimama, manii yake yamepimwa zaidi ya mara moja yakaonekana dhaifu, na mkewe naye amechunguzwa. Iliyoonekana kwa picha ya mawimbi ya sauti peke yake yafaa kuachwa. Wala si wote wapasuliwao wapatao mtoto, na mke aliyekwisha kutimiza miaka arubaini pengine hana nafasi ya kungoja, basi haya yote waambiwe wazi wote wawili kabla ya kisu.

Nawaomba mashehe, mapadri na wazee wanaosuluhisha ndoa wasikubali kusikiliza shauri la ugumba mpaka mume alete cheti cha maabara cha manii yake, kipimo ambacho hakina maumivu wala hakihitaji kulazwa, bali ni kujizuia na unyumba siku mbili hadi saba tu, na kuiweka haya kando kwa asubuhi moja.